Kidonda cha ulimi kisichouma, kuna haja ya kuogopa?

Kijana_Tanga: Wakuu habari zenu, naomba ushauri. Mjomba anatumia kuberi (ile tumbaku ya kuweka mdomoni) miaka na miaka, sasa ana kidonda pembeni ya ulimi mwezi unapita hakiponi, na pale anapoweka kuberi kwa ndani ya mdomo wa chini pamekuwa peupe pamekunjamana. Nikimwambia hospitali anasema mbona hakiumi, ni joto la mwili tu hilo. Kutouma ndo nafuu au?

mzee_wa_nanasi: Asukutue maji vuguvugu ya chumvi mkuu, mi nikila nanasi vinanitoka vya kutosha na vinapona fasta

Dada_Meno: @mzee_wa_nanasi vya kwako vinauma balaa halafu wiki moja mbili vimekwisha, hivyo havinisumbui. Cha mjomba ndo kinanitia wasiwasi, maana saratani ya mdomo ikianza mara nyingi haiumi kabisa, maumivu yanakuja baadaye. Kidonda kikipita wiki 2 kiangaliwe, basi. Cheki kama kuna jino lililovunjika linalokwaruza hapo. Afute ule weupe kwa kitambaa safi, ukitoka kama maziwa yaliyoganda mara nyingi ni fangasi (nayo apimwe, haiji bure kwa mtu mzima), ukigoma ni habari nyingine. Na akiona doa jekundu lisiloondoka ndo baya zaidi ya jeupe, watu wanalipuuza sana hilo. Papasa na shingo chini ya taya kama kuna tezi ngumu.

Wa_Kibokoni: Huku Mombasa balaa letu ni popoo (ile mbegu ngumu ya kutafuna), mtu anatafuna mpaka mashavu yanakakamaa, mdomo haufunguki hata vidole vitatu havipiti kati ya meno, na yeye anadhani ni uchovu wa taya!! Wale watafiti wa saratani wa WHO tangu 2004 walishasema popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inaleta saratani.

Kijana_Tanga: Weupe haufutiki jamani. Jino lililovunjika lipo kweli upande huohuo. Anaogopa watamkata ulimi

Dada_Meno: Jino lisawazishwe ila msikae kungoja, mwezi ushapita. Nendeni kitengo cha meno hapo hospitali ya Bombo, wakiona haja wanampiga ganzi wanachukua kipande kidogo cha nyama kinaenda maabara, sio ulimi mzima 😅. Kuberi aache leo, weupe wake huwa unapungua mtu akiacha, usipopungua nao unapimwa. Na uende naye wewe mwenyewe, ukimwachia aende peke yake ataishia duka la dawa arudi na panadol.