Kurudi Milima ya Ngong baada ya miaka mingi: mtu wa goti bovu aanzie upande gani?

Mtembezi wa Zamani

Hamjambo nyote. Mwaka 1986, nikiwa kidato cha tatu, mimi na wenzangu watano wa mtaa mmoja tulikuwa na desturi ya kupanda matatu hadi mji wa Ngong, karibu na Nairobi, kila likizo ya Agosti, tukaupita mgongo mzima wa milima kwa miguu hadi Kona Baridi, kisha tukateremka Kiserian tukiwa na njaa isiyo na adabu. Chakula chetu kilikuwa mkate wa siagi uliofungwa kwa gazeti, na kufikia kilele cha tatu wino wa habari za juzi ulikuwa umekwisha kuhamia kwenye mkate, nasi tukaula hivyo hivyo. Nakumbuka upepo kuliko kitu kingine chochote. Tulikuwa tukifungua vifungo vya makoti, tukayatandaza kwa mikono miwili na kuuegemea kama mtu anavyoegemea ukuta.

Sasa nina miaka 56, goti la kulia limefanyiwa upasuaji, na binti yangu kitinda mimba ameniomba nimpeleke akaione njia ambayo nimemsimulia tangu akiwa mdogo. Sijarudi huko tangu nilipohamia Mombasa mwaka 1991. Je, njia ile ingali inapitika yote? Mtu wa goti kama langu aanzie wapi? Na mnisaidie kumaliza ubishi wa nyumbani: mimi nakumbuka vilele saba, ilhali kaka yangu anashikilia kuwa ni vinne.

Jirani wa Lango

Karibu tena, mzee wangu. Njia ingalipo, lakini kitu cha kwanza utakachokiona hukukiacha huko. Mitambo miwili ya kwanza ya umeme wa upepo ilisimikwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Mwaka 2009 KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ikazindua mingine sita, na baada ya upanuzi uliofuata kituo kizima kina uwezo wa megawati 25.5. Upepo mliokuwa mkiuegemea bure sasa unauzwa kwa yuniti. Wapo wanaosema mitambo hiyo imeharibu mandhari, nami nilikuwa mmoja wao mwanzoni, ila nimeizoea. Asubuhi, jua likiwa chini, kivuli cha panga la mtambo hupita juu ya nyasi, kikampanda ng'ombe mgongoni na kushuka upande wa pili, kisha kikaja kingine, naye hainui hata kichwa.

Kuhusu idadi, wewe na kaka yako nyote mko sahihi. Anayeitazama milima akiwa Karen au Nairobi huona vilele vinne vilivyojipanga kama vifundo vya ngumi, na ndiyo maana Wamaasai husimulia habari za jitu lililoanguka likaacha mkono wake juu ya ardhi. Anayeipita kwa miguu huhesabu kila mpando uliomtoa jasho, na wengi hufikisha sita au saba. Kaka yako, nadhani, alihesabu akiwa barazani.

Mama Kiserian

Ndugu yangu, anzia Kona Baridi. Najua nyote mmezoea kuanzia Ngong, lakini kilele kirefu kuliko vyote, Lamwia, chenye mita 2,460, kiko upande huu wetu wa kusini, na mteremko wa kutoka hapo kuja Kona Baridi ndio mkali kuliko yote. Goti huumizwa na kuteremka kuliko kupanda. Ukianzia Ngong utaufikia mteremko huo saa nane mchana, miguu ikiwa imekwisha kuchoka na kokoto zikiteleza chini ya viatu. Ukianzia huku utaupanda saa mbili asubuhi ukiwa na nguvu, na baada ya hapo mgongo wa milima unashuka polepole kuelekea Ngong, ijapokuwa kuna mipando ya hapa na pale.

Agosti iache kwa vijana, kwa sababu ukungu wa miezi ya baridi unaweza kukunyima kila kitu ulichomwahidi binti. Njoo Januari au Februari, wakati Bonde la Ufa linaonekana upande wa magharibi hadi milima ya Suswa na Longonot. Upande wa mashariki utashangaa jinsi Nairobi ilivyokusogelea.

Kijana wa Juzi

Shikamoo, mzee. Kwa heshima zote sikubaliani na Mama, kwa sababu mwaka jana nilimpeleka baba yangu, naye ana goti kama lako. Tulifanya makosa mawili. Kwanza, tulimlipa mtu aliyejitia mwongoza njia stendi ya Ngong, akatuacha kilele cha tatu kwa madai kwamba ameitwa nyumbani. Milima hii imewahi kuwa na visa vya watembezi kunyang'anywa mali, kwa hiyo tulirudi tukitazama nyuma kila hatua kumi. Chukueni askari wa huduma ya misitu langoni, mlipe ada yake rasmi, na mkianzia Kona Baridi mpange naye mapema, maana hatawangoja huko kwa bahati. Pili, baba alitaka kumaliza yote kwa sababu ya fahari ya ujana, na goti likavimba siku tatu. Ningekuwa wewe ningetoka lango la Ngong hadi kilele cha pili au cha tatu, nikala chakula, nikarudi njia ile ile.

Mtembezi wa Zamani

Nawashukuru nyote. Nimemwonyesha daktari wangu hoja za pande zote mbili, naye amemuunga mkono Mama kuhusu kuteremka, na kijana kuhusu fahari. Tutakwenda Februari, tuanzie Kona Baridi na askari tuliyepatana naye kabla, na tukifika Lamwia goti ndilo litakaloamua kama tunaendelea. Kaka amekataa kukubali saba na anasema atakuja kuhesabu mwenyewe. Binti naye ameuliza kama mkate ni lazima ufungwe kwa gazeti, nikamwambia ni lazima.