Ushauri: kuthibitisha uingiaji wa swichi na ruta zote kupitia seva moja

Mleta mada: Wakuu, habari za kazi. Ninasimamia vifaa vya mtandao, swichi 40 na ruta 6, na kila kifaa kina akaunti zake, hivyo fundi mmoja akiacha kazi hulazimika kuvipitia vyote nikibadilisha nywila. Ninataka seva moja ithibitishe kila anayeingia. Kati ya RADIUS na TACACS+, yaani taratibu mbili ambazo kifaa hutumia kuiuliza seva kama mtu aruhusiwe kuingia, nichague ipi? Na seva ikizimika, nitaingiaje?

Mchangiaji 1: Mkuu, inategemea unataka kudhibiti nini. Ikiwa ni nani aingie na nani asiingie, RADIUS inatosha, na programu yake ya seva, FreeRADIUS, haina malipo. Ukitaka fundi mgeni atazame mipangilio bila kuibadilisha, TACACS+ inafaa zaidi, kwa sababu kifaa kinaweza kuiuliza seva kabla ya kutekeleza kila amri. RADIUS ya kawaida huficha nywila tu, ilhali TACACS+ huficha ujumbe wote isipokuwa kichwa chake. Hata hivyo zote mbili hutegemea MD5, kanuni ya hesabu ya kuficha data ambayo imepitwa na wakati, kwa hiyo zipitishe katika mtandao wa usimamizi uliotengwa.

Mchangiaji 2: Kuhusu seva kuzimika, bakiza akaunti moja ya ndani katika kila kifaa na uiweke ya pili katika mpangilio wa uthibitishaji. Wengi hawaelewi kwamba akaunti hiyo hutumika pale tu seva isipojibu. Seva ikijibu kwa kukataa, kifaa hakiendelei kwenye akaunti hiyo ya ndani. Tengeneza akaunti hiyo kabla ya jambo lolote lingine, maana kwenye vifaa vya Cisco amri ya "aaa new-model", inayowasha mfumo huu wa uthibitishaji, huanza kazi papo hapo. Mimi niliiandika nikiwa mbali, bila akaunti ya ndani, nikajifungia nje na kulazimika kuifuata swichi ilipo na waya wa konsoli, unaochomekwa kwenye kifaa chenyewe. Tangu siku hiyo sifungi dirisha la kwanza mpaka niingie kwa dirisha la pili.

Mleta mada: Ahsanteni. Nimeanza na RADIUS kwenye ruta moja. Ping (jaribio la kuona kama seva inafikika) inafika kwenye seva, lakini ombi la kuingia halijibiwi kabisa.

Mchangiaji 1: Hakikisha kwanza kwamba ruta inatumia mlango wa UDP 1812 (namba ambayo seva hupokelea maombi), kwani vifaa vya zamani hutumia 1645. Kisha tazama anwani ya IP ya ruta: FreeRADIUS hupuuza kimyakimya ombi kutoka anwani isiyosajiliwa, na ruta yenye anwani nyingi hutuma ombi kwa jina la ile ya upande ombi linakotokea. Iamuru itumie daima anwani ya loopback (ya ndani ya ruta, isiyofungamana na upande wowote), kisha uisajili hiyo.

Mleta mada: Ilikuwa anwani, mkuu. Imekubali.