Tunaenda Kambodia na watoto: mama naye asome Kikhmer, au abaki nyumbani?

MamaNuru_Mbezi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kanisa letu hapa Mbezi linatutuma Kambodia: mimi, mume wangu na watoto wawili, mkubwa ana miaka sita, mdogo ndiyo kwanza anatembea. Mwanzoni tutakaa Phnom Penh kwa ajili ya lugha tu, halafu tuhamie mkoani. Kamati ya misheni imepanga baba Nuru aingie darasani kila siku, mimi nibaki na watoto. Nikiuliza habari yangu naambiwa, "Mama lugha ataiokota sokoni." Moyo wangu haujatulia. Mliokaa huko, jambo hili linawezekana? Na Kikhmer kwetu sisi kina ugumu gani?

DadaWaTabata

Amina, mama Nuru. Sisi tumelea watoto wetu huko, sasa tuko likizo hapa Tabata. Nitakujibu kwa kirefu, maana jambo hili nimeona likiumiza familia za watumishi kimyakimya.

Mpango huo usiukubali. Sokoni utaokota bei na majina ya mboga, basi. Siku jirani amefiwa na unataka kukaa naye, au daktari anakuuliza mtoto ameanza kuharisha lini na choo kikoje, ya sokoni hayatakufikisha. Na wanaobisha hodi mchana ni akina mama wenzio, wanakutafuta wewe, mume wako yuko darasani. Nimewaona dada zetu waliokaa miaka huku watoto wao ndio wanawatafsiria. Wamerudi nyumbani wamechoka roho, na hakuna aliyewauliza kwa nini. Kaeni na kamati kabla tiketi hazijakatwa: baba asome asubuhi, wewe mchana, na ada itengwe ya wanafunzi wawili. Kama mdogo hashikiki, mwalimu wa kuja nyumbani anapatikana.

Kuhusu ugumu: Kikhmer hakina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, kama Kithai au Kivietinamu. Hakina ngeli, na kitenzi hakibadiliki. Cha jana na cha kesho ni kilekile, unaongeza kineno tu. Ng' mwanzoni mwa neno, inayowatesa Wazungu, sisi tunayo tangu utotoni. Kazi iko kwenye irabu, ni nyingi mno kwa sikio lililozoea tano, na kwenye maneno yanayoishia na konsonanti, kwa sababu ulimi wetu unataka kubandika i au u mwishoni. Mwalimu wangu alikuwa akisema *teuk*, maji, ananishika kidole anakiweka kooni mwake nisikie ile k inavyofungwa bila kuachiwa. Tulirudia hadi chai ikapoa.

Kusoma maandishi yao msikucheleweshe. Kuna konsonanti 33 za makundi mawili, na irabu ileile inasomeka tofauti kufuatana na kundi la konsonanti iliyoibeba. Maneno yanaandikwa yamefuatana bila nafasi. Inachosha, lakini anayetegemea herufi zetu hizi hafiki mbali, kila mtu anaziandika kivyake. Halafu jua mapema kwamba watu wa Phnom Penh wanameza r: darasani tano ni *pram*, kwa muuza samaki utasikia kama *peam*. Sita wao wanasema tano-moja, saba tano-mbili, hiyo Nuru ataishika haraka kuliko nyinyi.

Kwenye heshima ndipo tunapowatangulia wageni wengine. Mtoto anayejua shikamoo haoni ajabu kusalimia kwa kuunganisha viganja na kuinamisha kichwa, na kwamba kwa mkubwa zaidi mikono inapanda juu zaidi. Mtu humwiti "wewe" hivihivi. Aliyekuzidi kidogo ni *bong*, mdogo wako ni *oun*, wa rika la mama mdogo ni *ming*, bibi ni *yeay*. Ndiyo maana watakuuliza umri mapema, usikasirike. Mzoeze Nuru asimguse mtu kichwani na asinyooshe nyayo mbele ya wazee. Viatu ni mlangoni.

MchungajiMstaafu

Binti yangu, nakuunga mkono usome. Naongeza hili. Karibu kila mzee utakayemsalimia huko aliupitia utawala wa Khmer Rouge, wale wakomunisti wa Pol Pot, Aprili 1975 hadi Januari 1979. Inakadiriwa watu milioni 1.7 hivi walikufa, na kanisa lile dogo karibu lifutike. Biblia nzima ilikuwa imeshatoka kwa Kikhmer mwaka 1954. Waliokuwa wakiisoma wengi waliuawa au walikimbia nchi. Kwa hiyo msiwe na haraka ya kuwahoji wazee habari zao. Kaeni nao. Akitaka kusema atasema, na siku hiyo uwe na lugha ya kumsikiliza bila mkalimani.

MamaNuru_Mbezi

Shikamoo mchungaji, na asante sana. Dada, na ile sikukuu ya Pchum Ben ya kuwapelekea wafu chakula, mlifanyaje na watoto?

DadaWaTabata

Inaangukia Septemba au Oktoba. Familia zinapika na kwenda pagoda, hekalu la Wabudha, kuwatolea waliofariki. Huko kutoa hatuendi, na majirani wanajua, tuliwaeleza kwa upole mwaka wa kwanza. Lakini bibi wa nyumba ya pili hutuletea *num ansom*, mchele wa kunata wenye choroko na nyama ya nguruwe, umefungwa kwenye jani la mgomba. Hiyo tunapokea kwa mikono miwili, tunakula, na tunamrudishia sahani yake ina matunda. Kukataa kungemuumiza mtu ambaye mwanangu anamwita bibi. Wapo watumishi wenzangu wanaoona vingine, siwalaumu.

MamaNuru_Mbezi

Kikao na kamati ni Jumapili baada ya ibada ya pili. Nitaliweka mezani.

DadaWaTabata

Aliseme mume wako, wewe uwe umekaa ubavuni kwake na hesabu ya ada mkononi. Likitoka kwako peke yako watasema mama anaogopa safari.