Naomba ushauri: wenye biashara ndogo hawakai kwenye chama chetu

Habari zenu ndugu wanachama. Niko kwenye kamati ya chama kisicho cha faida kinachokutanisha watafiti, watunga sera na wenye biashara ndogo. Watafiti wanajaa, lakini wenye biashara wakija mara moja hawarudi. Nawaelewa kwa kweli: anayefunga duka mchana aje kutazama majedwali anapoteza wateja.

Tumefupisha ripoti hadi ukurasa mmoja, tumepunguza na ada, bado. Tunajiandaa kwa 27 Juni, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2017 kwa ajili ya biashara ndogo na za kati, na sitaki tena ukumbi wa wasomi watupu.

Je, tuwape wenye biashara nafasi ya kuchagua mada za utafiti? Na mliofanikiwa kuwabakiza, mlianzia wapi?