Mdogo wangu anaacha ubunge wa jimbo akanunue ng'ombe kwa fungu la mirathi, nimshauri nini?

DadaMkubwa_NH
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nipo New Hampshire, Marekani. Mdogo wangu wa kiume, hata miaka thelathini hajafika, ni mbunge wa jimbo hapa. Kwa wasiojua mambo ya huku, bunge la chini la New Hampshire lina wabunge 400, na kila mmoja hulipwa dola 100 kwa mwaka pamoja na posho ya nauli. Katiba yao imekaa hivyo tangu 1889. Kwa hiyo kila mbunge lazima awe na riziki nyingine. Yeye yupo kwenye kampuni ya bima, vikao vikianza anakwenda Concord, mji mkuu wa jimbo.

Baba yetu amefariki mwaka huu. Nyumba imeuzwa, kila mtoto kapata chake. Sasa huyu bwana anasema hagombei tena, anachukua fungu lake lote anaingia ubia na rafiki yake wa chuo mwenye ranchi ya ng'ombe Dakota Kaskazini. Mama analia kila siku, anaona mtoto kachanganyikiwa. Mimi najua ana akili na siasa kaifanya kwa moyo, sitaki kumkatalia kwa sababu tu mimi ndiye mkubwa. Naombeni ushauri.

Mtafutaji255
Pole sana kwa msiba dada. Mimi naona umwache. Kazi ya dola 100 kwa mwaka si ya kumfunga kijana, na ubunge atagombea tena hata akiwa na miaka hamsini.

Mwl_Kaskazini
Dada, mwambie mdogo wako asome habari za Theodore Roosevelt kabla hajasaini chochote. Wengi wanamjua kama rais wa Marekani, lakini kabla ya hapo alipita njia hii hii, na kwenye ardhi hiyo hiyo ya Dakota.

Alichaguliwa Novemba 1881 kuingia bunge la jimbo la New York, akiwa na miaka 23, mdogo kuliko wote mle ndani. Mwaka 1883 alikuwa tayari anaongoza wabunge wa chama chake, na alishapata jina kwa kudai uchunguzi wa jaji aliyetuhumiwa kumbeba tajiri Jay Gould. Baba yake alifariki 1878 akamwachia urithi mnono. Septemba 1883 akaenda Dakota kuwinda nyati, akavutiwa na nchi, akaandika hundi ya dola 14,000 kununua ng'ombe.

Februari 14, 1884, mama yake na mke wake wakafariki siku moja, nyumba moja. Mke alikuwa amejifungua siku mbili tu kabla. Roosevelt alirudi bungeni akamaliza kikao, akakataa kugombea tena, akaenda Dakota. Hapo ndipo alipomwaga fedha kwelikweli. Akajenga ranchi ya pili, Elkhorn, na jumla ya mtaji ikapita dola 80,000. Kiangazi cha 1886 kikaunguza malisho, kikafuata kipupwe kibaya cha 1886 hadi 1887, zaidi ya nusu ya ng'ombe wake wakafa.

Mama_Upendo
Maskini, hiyo ya mke na mama siku moja imenitoa machozi. Dada, mimi nilifiwa na baba na najua ule mwaka wa kwanza mtu unataka kwenda mahali ambapo hakuna anayekuuliza unaendeleaje. Kabla ya habari za ng'ombe, kaa na mdogo wako mzungumze habari za baba. Usimpeleke mama, nenda peke yako.

Sengerema_Boy
Mwalimu, umesahau mwisho wake. Huyo huyo aliyefilisika ng'ombe akawa rais 1901 na miaka 42, na mwenyewe alikuwa akisema bila maisha ya Dakota asingefika. Kwa hiyo hasara ilimjenga!

Mwl_Kaskazini
Sijasahau mkuu, ila Roosevelt alitoka kwenye ukoo wa matajiri, alipoanguka alikuwa na pa kuangukia. Huyu kijana fungu lake ni hilo moja. Angalia pia mpangilio: zile 14,000 alizitoa kabla ya msiba, akili imetulia. Zilizobaki zilikuja baada ya makaburi. Ningekuwa dada ningemwambia aanze na sehemu ndogo, nyingine aifungie benki mpaka ng'ombe wamevuka kipupwe kimoja.

Mfugaji_Kongwa
Mimi nafuga, nitaongea ya kifugaji. Roosevelt hakuwa na hati ya ardhi ile. Alilisha kwenye eneo la wazi, na kila tajiri aliyetaka alileta mifugo yake. Nyasi ziliisha kabla theluji haijashuka, na ng'ombe hawakuwekewa majani makavu ya kutosha. Hata wasaidizi wake wawili waliotoka jimbo la Maine walifunga virago 1886, kwa sababu gharama ya kumfuga ng'ombe na kumfikisha soko la Chicago ilipita bei yake.

Kwa hiyo dada, maswali ni haya. Ardhi ni ya huyo rafiki au kakodi, na mkataba unaisha lini? Majani ya kipupwe wanalima au wananunua? Benki inadai kiasi gani? Aombe hesabu za miaka ya nyuma zikaguliwe na mhasibu aliyemchagua yeye mwenyewe. Rafiki akinuna kwa kuulizwa hayo, mdogo wako asitoe hata senti.

DadaMkubwa_NH
Asanteni mno. Nimemsomea maneno ya Mfugaji kwenye simu, akanyamaza, halafu akakiri suala la ardhi hajawahi kuliuliza. Amekubali mhasibu. Kuhusu kuanza na sehemu ndogo bado anabisha, anasema rafiki anataka fedha yote kwa mkupuo. Mama_Upendo, Jumamosi naenda kwake peke yangu. Mfugaji, hesabu zikifika naomba unisaidie kuzisoma.

Mfugaji_Kongwa
Zilete dada. Na huyo anayetaka yote kwa mkupuo, muulizeni anadaiwa na nani.