Lebo ya Dar, kuuza biti, au kutoa ngoma mwenyewe? Nachana na natengeneza biti, nipo Mwanza

Jogoo_wa_Nyakato
Shikamooni wakubwa, rika langu mambo vipi.

Nina miaka 21, nipo Nyakato. Nachana tangu kidato cha pili na biti natengeneza mwenyewe kwa FL Studio (programu ya kutengenezea muziki) kwenye laptopu aliyoniachia kaka. Geto nimeligeuza studio: maiki moja, spika mbili, ukutani trei za mayai na blanketi la bi mkubwa. Washikaji wanakuja kurekodi, kila mtu anatoa alichonacho, siku nyingine hela ya luku tu. Bi mkubwa anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Muziki hana shida nao, ila kashasema mwakani nianze kuchangia kodi.

Nisiwachoshe. Kuna lebo ya Dar (jina naliweka kapuni) imesikia ngoma yangu iliyozunguka WhatsApp. Wanataka nisaini miaka 5, wananipa chumba Sinza, video wanalipia wao, mimi napata asilimia 40. Njia ya pili ni nikomae na uprodyuza, niuze biti na kurekodi watu hapahapa. Ya tatu nitoe ngoma zangu mwenyewe mtandaoni, nisubiri Mungu. Mngekuwa nyinyi mngeshika ipi?

Pilipili_Kichaa
Kuna ya nne: rudi shule.

Jogoo_wa_Nyakato
Nilishamaliza mkuu. Cheti kipo kabatini, kimetulia.

Mzee_wa_Kaseti
Marahaba dogo.

Mimi nilianza kufuatilia Bongo Flava wakati studio za maana Dar unazihesabu kwa vidole: MJ ya Master J, Bongo Records ya P-Funk, na nyingine chache. Msanii wa mkoani alipanda basi na daftari la mashairi, akalala kwa ndugu, akasubiri zamu mpaka ndugu wakamchoka. Vifaa vilikuwa mikononi mwa watu wachache, kwa hiyo prodyuza ndiye alikuwa mlango. Ndiyo maana ngoma za kipindi kile hadi leo tunazitambua kwa jina la studio.

Wewe mlango huo unalala nao chumbani. Sasa lebo ikija, jiulize inakuletea nini usichokuwa nacho. Studio unayo, biti unazo. Huna video, huna mtu anayepokelewa simu redioni. Basi hicho ndicho ununue kwao, kwa bei ya hicho tu. Unavyoeleza, wao wanataka kununua mpaka kitanda.

Na hili la kuwa Mwanza lisikutie unyonge. Fid Q katokea huko, Young Killer katokea huko. Mjini walikuja, sikufichi, lakini walikuja wakiwa wanajua wanachana nini.

Dada_wa_Vifungu
Mdogo wangu, kazi yangu ni kusoma mikataba. Si ya muziki sana, ila karatasi ni karatasi.

Hiyo asilimia 40 iache kwanza. Ni 40 ya nini? Ya kila shilingi inayoingia, au ya kinachobaki baada ya wao kurudisha gharama za video, chumba na nauli? Kama ni ya kinachobaki, unaweza kuwa staa mtaa mzima unakupigia honi na wewe unadaiwa. Nimeona mkataba ambao hata sahani za wali za siku ya kurekodi video ziliandikwa deni.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niandike. Kwenye ngoma yako moja kuna vitu vitatu: mashairi, muziki wenyewe (biti), na ile rekodi iliyokamilika, yaani masta. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki inaanza pale kazi inapotengenezwa. Kusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi, hakukupi haki upya. Msanii wa kawaida anakwenda lebo na mashairi peke yake. Wewe vyote vitatu ni vyako. Nenda kasome kama wameandika "kazi zote za sanaa atakazobuni msanii". Wakiandika hivyo, hata biti utakayompa mshikaji wako wa Igoma ni mali yao kwa miaka 5. Umeajiriwa kazi mbili kwa mshahara wa moja.

Angalia pia kifungu cha kutoka. Msanii Harmonize alisema hadharani kwamba kuondoka lebo ya Wasafi kulimtaka alipe shilingi milioni 500, akauza mpaka nyumba. Yeye alikuwa na nyumba za kuuza.

Muuza_Midundo
Dada kagusa kidonda changu. Nilimuuzia jamaa biti kwa elfu 30, nikiwa na njaa. Ngoma ikapigwa kwenye kila daladala ya mji wetu. Jina langu halipo popote, ushahidi nilionao ni meseji ya M-Pesa, nayo imeandikwa elfu 30 tu, haisemi ya nini.

Kwa hiyo njia ya pili ina hela, ila usiuze biti kama nyanya. Kuna kukodisha na kuna kuuza jumla. Ukikodisha, mteja anaitumia, wewe unabaki nayo na unaweza kumkodishia na mwingine. Ukiuza jumla ni ya mmoja, hivyo bei ipande mara kadhaa, na bado mwandikiane fungu lako la mirabaha. Karatasi moja tu, majina mawili, sahihi, tarehe. Na weka chata yako, yaani jina lako litamkwe, mwanzoni mwa biti. Prodyuza S2Kizzy humjui sura labda, ila ngoma ikianza tu unajua nani kapika.

Halafu trei za mayai hazizuii sauti. Zinapunguza mwangwi kidogo tu. Tafuta godoro kuukuu, lisimamishe nyuma yako unapoingiza sauti. Utanishukuru.

Jogoo_wa_Nyakato
Kwahiyo ile adhana inayosikika kwenye vesi ya pili itaendelea kusikika 😂

Muuza_Midundo
Hiyo rekodi usiku, hakuna dawa nyingine.

Mtoi_wa_Umoja
Niaje wadau, mimi niko Umoja, Nairobi. Huku Eastlands tumeona njia ya tatu ikifanya kazi, lakini si kwa haraka. Kundi la hip hop la Wakadinali lilikuwa linatoa ngoma miaka kadhaa na kikosi chake cha Rong Rende, redio haiwashughulikii, mpaka 2020 albamu yao ikafanya kila mtu ajifanye alikuwa anawajua tangu zamani. Hawakubadilisha lugha wala stori ili wapendwe mjini. Ila walikuwa wengi! Mmoja akichoka mwingine anashika. Wewe uko pekee yako na blanketi ya mathako. Tafuta watu wawili watatu kwanza, mmoja ajue kamera, mwingine ajue kuongea na watu.

Kijana_wa_Mburahati
Watu wa hip hop mnasahau majirani zenu. Pale kwetu Mburahati, Dar, studio ya prodyuza Sisso ilikuwa chumba cha kawaida kabisa, inatoa singeli (ule muziki wa kasi wa uswahilini) usiku na mchana, watu wa mjini wanaita kelele. 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa mkusanyiko wa kazi za pale, na baada ya hapo maprodyuza wa uswahilini wakaanza kupanda ndege kwenda kupiga matamasha Ulaya. Zingatia: waliokwenda ni hao hao wapika midundo. Kwenye singeli prodyuza anasimama jukwaani na laptopu yake, hakai nyuma ya kioo.

Nasema hivi kwa sababu naona dogo anajihesabu kama mchanaji anayejua biti kidogo. Mimi nimesikiliza ile ngoma aliyoniwekea PM. Anachana vizuri. Lakini ile biti, ule mlio wa ngoma ya kienyeji alioukata na kuurudisha nyuma, sijausikia kwa mtu mwingine. Nadhani hata hao wa Sinza ndicho wanachokitaka, wanajifanya wanataka vesi.

Mama_Takwimu
Kwa ya tatu, ujue hesabu zake kabla ya kuingia. YouTube ili wakulipe kwa matangazo, kwa kawaida unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kina DistroKid wanasambaza nyimbo zako kwenye majukwaa na hawakati asilimia kwenye mapato yako ya huko, ila unalipia kila mwaka, na usipolipia nyimbo zinaweza kuondolewa. Faida yako ni biti zako mwenyewe. Wenzako wanaochukua biti za bure mtandaoni ngoma ikianza kutembea tu, mwenye biti anatokea na kudai mapato yote. Kodi ya bi mkubwa mwakani haitatoka huko, usijidanganye. Biti zilipe kodi, ngoma zako zijenge jina.

Jogoo_wa_Nyakato
Wakubwa nimerudi. Nimeusoma mkataba upya, kweli imeandikwa "kazi zote za sanaa na muziki". Nikawapigia nikasema nasaini kama mchanaji tu, biti zibaki zangu na wanilipe nikiwatengenezea wasanii wao. Jamaa akacheka, akasema "wewe dogo nani kakufundisha?" Jana wametuma nakala mpya. Biti wameziondoa kwenye mkataba. 40 imeandikwa "baada ya gharama". Miaka ni 5 ileile.

Dada_wa_Vifungu
Wamekubali haraka hivyo? Basi Kijana wa Mburahati hakukosea, wanakutaka kweli. Omba miaka 2, au nyimbo kadhaa kwa idadi badala ya miaka. Gharama ziwekewe kikomo na usaini kila moja kabla haijatumika. Usiende Sinza bado.

Pilipili_Kichaa
Mimi niliyesema arudi shule naomba link ya ngoma.

Jogoo_wa_Nyakato
Nakuwekea PM mkuu. Dada, nawapigia Jumatatu. Leo kuna wateja watatu wanarekodi, na godoro nimeshalipata kwa jirani, ananidai buku tano.