Tupeane uzoefu: wazazi tulioacha kunywa kila jioni, ile saa ya baada ya kazi mliijaza na nini?

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Ilazo, Dodoma. Mimi ni mama wa watoto 2, mmoja ana miaka 9 na mwingine 4, na huu ni mwezi wa 11 sijaonja mvinyo. Nawaomba wazazi wenzangu ambao unywaji wao haukuwa wa baa wala wa sherehe, bali wa nyumbani na wa kila siku, waeleze walivyotoka, kwa sababu mlevi tunayemzungumzia siku zote ni yule anayeyumba barabarani, na mama anayepika wali huku glasi iko kando ya jiko hatumtaji kabisa.

Nilihamia hapa mwaka 2019 pamoja na ofisi, mume wangu akabaki Dar es Salaam kwa ajili ya kazi yake. Nikitoka kazini Mtumba nafika nyumbani saa 12 na nusu jioni, dada wa kazi anasubiri kunikabidhi watoto, mdogo analia, mkubwa ana hesabu za shule ambazo hazielewi, na simu za kazini bado zinaingia. Mvinyo kwetu Dodoma si kitu cha kutafuta mbali. Zabibu zinavunwa mara 2 kwa mwaka na chupa ipo katika duka la mtaani. Nilianza na glasi moja wakati wa kupika. Baada ya mwaka na nusu, chupa ya mililita 750 ilikuwa inaisha kwa usiku mmoja. Siku niliyopiga hesabu niliogopa: mvinyo wa asilimia 12 katika chupa hiyo una mililita 90 za pombe yenyewe, ambayo ni sawa na bia 3 na nusu hivi za nusu lita zenye asilimia 5. Nami nilikuwa namhukumu jirani yangu kwa bia 3.

Kilichoniamsha ni mtoto. Alikuwa akicheza na mwanasesere wake, akamwambia, "Ngoja, mama anywe kwanza." Hakuwa na lawama yoyote sautini, kwake huo ulikuwa utaratibu wa nyumba, kama kuoga na kula.

Niliahidi kutokunywa siku za kazi, na kila wiki ahadi ilivunjika kabla ya Alhamisi. Nilipotulia niligundua kwamba sikuwa nashindwa na siku nzima, nilikuwa nashindwa na saa moja tu, kati ya kufungua mlango na chakula kuiva. Saa hiyo nilikuwa na njaa, kwa maana tangu chakula cha mchana sijatia kitu mdomoni, nikawa naitibu njaa na uchovu kwa pombe. Nikamwomba dada awe ameshaandaa mahindi ya kuchemsha au viazi na jagi la juisi ya ubuyu, nikawa nakula nikiwa bado na viatu miguuni, kisha natoka na mdogo kuzunguka mtaa kwa dakika 20 kabla ya kugusa sufuria au simu. Inaonekana jambo dogo, lakini kwangu ndilo lililofanya kazi, na naamini mtu anayeondoa glasi bila kuweka kitu mahali pake anajitesa.

Usingizi ulikuwa mbaya kwa wiki 2 za mwanzo. Hata hivyo, kule kuamka saa 9 usiku moyo ukidunda, ambako kwa miaka nilikudhani ni mawazo ya kazi, kulikwisha. Pombe hukulaza haraka, kisha inapopungua mwilini inakuamsha, na mimi nilikuwa naongeza glasi kesho yake ili nilale.

Sasa nawapisha wengine.

Baba wa watoto 3, fundi seremala, Kizota

Dada, nakushukuru kwa kuanza. Mimi nilikuwa mtu wa viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, na vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilidhani serikali imenisaidia kuacha, kumbe nilihamia chupa ndogo. Kila Januari, ada na sare vinapokuja pamoja, nilikuwa nakunywa zaidi, jambo ambalo halina hesabu ndani yake. Grosari iko kati ya karakana na nyumbani kwangu, kwa hiyo hatua ya kwanza ilikuwa kubadilisha njia. Nilizunguka kwa nyuma, mwendo wa robo saa zaidi, kwa miezi 4. Ya pili ilikuwa kibubu. Shilingi 3,000 niliyokuwa nakunywa nilimpa mwanangu mkubwa aitumbukize mwenyewe kila jioni, akawa ananisubiri mlangoni. Kwa siku 26 za kazi ni 78,000. Tulikipasua Januari iliyofuata mbele ya mama yao, na siwezi kueleza nilivyojisikia.

Nilianguka mara moja, kwenye msiba Bahi, siku 2 mfululizo. Niliporudi sikumficha mke wangu. Naona kuficha kungenirudisha grosari kuliko ile pombe yenyewe.

Muuguzi, zahanati moja wilayani Kongwa

Naomba kuongeza jambo ambalo linaweza kuokoa maisha. Ndugu wanaokunywa sana kila siku, hasa wale ambao mikono hutetemeka asubuhi mpaka wapate kidogo, wasiache ghafla wakiwa peke yao. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe hujiongezea msukumo ili uendelee kufanya kazi, na pombe ikiondoka ghafla msukumo huo unabaki bila kizuizi: jasho na mtetemeko huanza ndani ya saa chache, degedege inaweza kuja ndani ya siku 2 za mwanzo, na kuweweseka kati ya siku ya 2 na ya 4. Hospitalini zipo dawa za kumvusha mgonjwa kipindi hicho, pamoja na vitamini B1. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe iko hapa hapa Dodoma, na nasikitika kwamba watu huona aibu kwa sababu ya jina, wakati uraibu ni ugonjwa unaotibiwa na madaktari wa akili kama magonjwa mengine wanayoyatibu.

Mama wa watoto 4, Manyoni

Nimesoma yote kwa makini. Wenzangu mmeondoa pombe nyumbani. Mimi napika pombe ya mtama, ndiyo inayosomesha watoto tangu baba yao alipoondoka. Siwezi kupita njia nyingine, pipa liko uani kwangu. Huanza kwa kuonja kama imeiva, na jioni nikiwa nimewaza madeni naonja tena, mpaka watoto wanalala bila mimi kujua wamekula nini. Nifanyeje?

Mwanzisha mada, Ilazo

Mama yangu, sina haki ya kukuambia uache biashara inayowalisha watoto. Naomba tuanze na kuonja. Mtafute mama mwenzako anayepika, ambaye naye anakujua, yeye aonje yako asubuhi, na malipo yake yawe kibuyu kimoja. Chakula cha watoto kipikwe na kiliwe kabla wateja hawajaanza kuingia, na wewe ule pamoja nao mpaka ushibe. Mikono ikikutetemeka asubuhi, tafadhali fuata alichoandika ndugu muuguzi kabla ya kujaribu lolote. Wateja wako huanza kuja saa ngapi?